Maneno Manne ya Kanini

Ednah alipoingia uani bila kupiga hodi, Kanini alidhani kuna msiba. Kwa miaka kumi na mmoja mwanamke huyo hakuwa amekanyaga pale. Wakikutana sokoni Kiritiri, Ednah hugeuza shingo na kuanza kukagua ndengu za mtu kana kwamba ametumwa na serikali. Leo alikuwa amejifunga kitambaa cha kanisani, na kando yake rafiki yake Nelius alikuwa akitabasamu meno yote nje. Nyuma yao alisimama Mutugi, mwana wa Ednah, aliyehamia Nairobi kitambo na sasa amerudi na kitambi.

"Bwana asifiwe, Mama Ngari," Ednah akasema.

"Asifiwe. Nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa. Tumekuja kwa mema."

Kanini aliwatolea viti. 

Wakati mmoja wanawake hawa watatu walikuwa chanda na pete. Walikuwa viongozi wa Wendani, kikundi cha akina mama cha kuweka akiba. Ednah alikuwa mwenyekiti, Nelius katibu, na Kanini mweka hazina. Pesa za kikundi zilikaa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na kila mmoja wao alishika ufunguo wake, ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Ni mpango mzuri, na vikundi vingi huufuata. Kasoro yake ni moja tu: haukuwahi kufikiria kwamba wale watatu wanaweza kuingiwa na tamaa kwa pamoja.

Na waliingiwa. Mwaka wa 2014 Mutugi, wakati huo mwanafunzi wa chuo pale Embu, alikuja na habari za bitcoin. Alisema ni pesa isiyoshikika kwa mkono, inakaa mtandaoni, na ukiisahau huko inanenepa yenyewe. Mamake akaamini, Nelius akaamini kwa sababu Ednah ameamini, na Kanini akakubali kwa sababu hakutaka kuonekana mshamba. Wakafungua sanduku siku isiyo ya mkutano wakampa kijana shilingi elfu ishirini. Faida ikija, walisema, watawashangaza wanachama mwisho wa mwaka.

Mutugi alinunua hiyo pesa, na simu yake ikampa maneno kumi na mawili ya Kiingereza. Mwenye maneno hayo yote, kwa mpangilio wake, ndiye mwenye pesa. Basi akayagawa kama zile kufuli, manne kwa kila mama. "Msiandike mahali," akawaonya. "Na msiambiane."

Ednah alikuwa amemaliza kidato cha nne, na Nelius alifundisha nasari. Kanini aliishia darasa la tano, na Kiingereza kilikuwa kikimponyoka kama sabuni. Alitembea hadi nyumbani akiyarudia maneno yake kama mtu aliyepandwa na homa. Alipofika na kuwaona mbuzi wake wanne wa kike wamejilaza kivulini, akapata la kufanya. Mkubwa akamwita Ribbon, anayemfuata Lemon, wa tatu Ticket, na mdogo wao, ambaye hakuwa amezaa bado, akamwita Velvet. Njoka, mumewe, alicheka hadi akakohoa. Kijiji kizima kilicheka. Mbuzi wa Mbeere, kula yake michongoma, naye anaitwa Lemon kama mtoto wa daktari.

Desemba ilipofika simu ya Mutugi ikaibwa mjini Embu. Akampigia mamake kumwambia pesa zimeenda na simu, basi. Siku ya kugawana, sanduku lilipofunguliwa, wanachama wakaona pengo. Kanini alisimama kueleza, akamtazama Ednah amsaidie.

"Mimi hiyo habari siijui," Ednah akasema. "Nilipokuwa mgonjwa nilimwachia mweka hazina ufunguo wangu."

"Hata mimi nilimwachia wangu," Nelius akadakia.

Uongo ulipita hivyo, mchana kweupe, mbele ya watu ishirini. Kanini alieleza mpaka sauti ikakauka. Pesa ziko mtandaoni? Watu walimtazama kwa huruma ile wanayompa mlevi. Jioni hiyo wanachama wakaja kwake wakamchukua Velvet, akiwa na mimba yake ya kwanza, na siku iliyofuata akachinjwa kwenye sherehe ya kufunga mwaka. Deni lililobaki Njoka alililipa kwa kuchoma makaa hadi macho yakawa mekundu. Hakumpiga mkewe wala hakumfokea. Ila tangu siku hiyo hakuwahi kumwachia hata shilingi ya kiberiti. Chumvi alinunua mwenyewe, sabuni alinunua mwenyewe, na Kanini akiuza mayai, Njoka alisimama pale pale hadi pesa zimfikie mkononi. Aibu hiyo ndiyo iliyomla Kanini zaidi ya kusengenywa sokoni. Mtu anaweza kuhama soko, lakini kitanda hakihamiki.

Ndiyo maana leo aliwaacha waseme.

Mutugi ndiye aliyeeleza. Kumbe simu kuibwa si kitu. Kazini kwake amemwona mtu akirudisha pesa za zamani kwa kutumia maneno tu, kwenye simu nyingine kabisa. Yeye mwenyewe amechungulia mtandaoni akaona pesa za Wendani bado ziko pale pale, hazijaguswa na mtu.

"Zimenenepa, auntie," akasema. "Zinakaribia milioni sita."

 Kanini alitaka kuuliza milioni ngapi, ingawa alikuwa amesikia vizuri. Badala yake aliinuka, akaketi tena, akagundua ameketi chini mchangani na kiti kiko pembeni.

"Mama na Nelius maneno yao wanayakumbuka," Mutugi akaendelea. "Yamebaki yako."

"Tutagawana sisi watatu," Ednah akasema, sauti imelainika. "Kijana tumtolee kitu kidogo. Mambo ya kale yamepita, Mama Ngari. Sisi ni Wakristo."

Hapo ndipo Kanini alipopigwa na butwaa la kweli. Milioni ni jina tu, hajawahi kuiona, haiwezi kumuumiza. Lakini mtu kukuvalisha wizi miaka kumi na mmoja, kisha aje akae kwenye kiti chako akualike kuwaibia watu wale wale, hilo hakujua linawezekana chini ya jua. Alimtazama Ednah usoni akitafuta hata chembe ya haya. Hakuiona.

"Ninayo," akasema. "Yote manne. Nitayasema Alhamisi, kwa mkutano wa kikundi."

"Auntie, hayo maneno hayasemwi mbele za watu," Mutugi akaruka. "Yeyote akiyasikia anaweza kuzibeba."

"Mimi niliitwa mwizi mbele za watu. Kama ni ya siri, basi nendeni nyumbani."

Walibembeleza, wakakasirika, wakabembeleza tena. Nelius hata alilia kidogo. Kanini aliinuka akaenda kuwatekea mbuzi maji.

Mbuzi wenyewe walikuwa kina Ribbon, Lemon na Ticket, lakini si wale wa kwanza. Kwao jina la nyanya humrudia mjukuu, lisije likapotea, na Kanini aliwafanyia mbuzi kama watu wanavyofanyiwa. Ribbon alipozeeka, mjukuu wake akawa Ribbon. Hakuwa akifikiria pesa. Pesa alikuwa amezizika. Alifanya tu ilivyo desturi, na Velvet ambaye hakuacha mtoto akabaki bila wa kumrithi jina.

Alhamisi Wendani walikusanyika nyuma ya kanisa. Kanini alifika akasimama karibu na mlango wa choo, maana hakujua tena mahali pake ni wapi. Habari kwamba ameitwa mkutanoni zilikuwa zimetapakaa, na Njoka naye alikuja, akaegemea ua kwa nje pamoja na wanaume wengine watatu waliojifanya wanapita.

Ednah alikuwa amepata siku kadhaa za kufikiri, na alikuwa ametunga jambo. Mtu mwingine angeona haya. Yeye aliona nafasi ya kusifiwa.

"Akina mama," akaanza, "viongozi wenu hatukuwa tumelala. Tuliona mbali. Tuliwekeza pesa zenu kimyakimya, mahali salama, na leo mtaona matunda."

Makofi yakapigwa. Mutugi akatoa simu, akamwomba mamake aseme maneno yake manne polepole, kisha Nelius. Wanachama walikuwa wakisikiliza kwa heshima kama wanaosomewa Waraka.

"Sasa auntie Kanini."

"Ribbon," Kanini akasema.

Mtu mmoja akacheka. Mwingine akasema huyo si ni mbuzi wake.

"Lemon. Ticket."

Kicheko kilianza tena kikafia njiani. Waliwajua mbuzi hao, waliwakejeli miaka yote, na sasa Mutugi alikuwa anawaandika kwenye simu kwa uangalifu mkubwa.

"Na la mwisho ni Velvet."

"Velvet ni yupi?" akauliza Susan, mkongwe wa kikundi, mwenye sikio zito lakini kichwa chepesi. "Huyo simjui."

"Ni yule mliyemla."

 Simu ilikuwa bado inatafuta mtandao. Mutugi aliinyanyua juu, akapanda kwenye jiwe, akaomba watu wavumilie. Ni wakati huo wa kungoja uliommaliza Ednah, kwa sababu Susan alikuwa bado anafikiri, na Susan akifikiri hufikiri kwa sauti.

"Mwenyekiti, umesema mliwekeza nyinyi viongozi. Nyinyi kina nani?"

"Mimi na Nelius." Ednah akamtupia Kanini jicho. "Na Kanini."

"Mwaka gani?"

"Kumi na nne. Mwezi wa nane."

"Nyote watatu mkiwa pamoja, mwezi wa nane." Susan alitikisa kichwa taratibu. "Basi nielezeni. Desemba ya mwaka huo tulikuwa tunamla mbuzi wa nani, na kwa kosa gani?"

  Watu walianza kumgeukia Kanini mmoja mmoja, naye akaona kwenye nyuso zao kitu ambacho hakuwa amekitarajia, kwa sababu alitegemea hasira na akaona hofu. Walikuwa wanakumbuka nyama. Mama mmoja aliweka kiganja kwenye tumbo, akakiacha hapo.

"Imefunguka," Mutugi akasema juu ya jiwe. "Ziko hapa. Karibu milioni sita. Mama, imefunguka."

Hakuna aliyemtazama. Susan ndiye aliyekwenda akanyoosha mikono miwili, akaichukua simu kutoka kwa kijana, akaitumbukiza kifuani mwake na kufunga kifungo. "Hii haiendi Nairobi," akasema. "Na wewe Ednah, kaa chini. Wewe si mwenyekiti tena."

Yakafuata maneno mengi, mengine mabaya, ambayo hayafai kuandikwa, ingawa yalitamkwa nyuma ya kanisa. Nelius alikiri kila kitu kabla hajaulizwa. Wanachama wawili walimjia Kanini wakamshika tu mikono. Mwingine alimwambia kikundi kitamlipa mbuzi, na Kanini akaitikia kwa kichwa ingawa hakuwa amesikia vizuri, kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye ua. Njoka hakuwepo tena pale alipokuwa ameegemea.

Alimkuta nje ya lango la kanisa, amekaa juu ya mzizi, kofia imeshikwa kwa mikono miwili. Alionekana mzee kuliko asubuhi. Wakaanza safari ya nyumbani, yeye mbele kidogo kama kawaida, na walitembea hadi kwenye kivuko cha mchanga cha mto mkavu kabla hajasimama.

"Mama Ngari."

"Naam."

"Walikuwa watatu." Alisema kama anayejaribu mzigo kuona kama unabebeka. "Miaka hii yote, mimi nikinunua chumvi. Kwa nini hukuniambia?"

Kanini alimtazama mumewe. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na uchovu mkubwa, na hakuona sababu ya kumfichia hata kimoja.

"Nilikuambia, Baba Ngari," akasema. "Usiku ule ule. Ukageukia ukutani."

 Kanini akampita, akavuka kwanza.