Nilimtaja marehemu, wakamtoa mjane kwenye eda

Wakuu, habari za huko mliko. Mimi ni msomaji wa kimya humu, miaka nenda rudi nasoma nyuzi za wenzangu na kucheka peke yangu. Leo nami naleta langu. Yalinikuta mwenyewe, na penye aibu yangu sitaparuka.

Mimi ni wa Lubumbashi, Kampemba, ukoo wa Maniema. Naongelea enzi za Zaire, chama kimoja, muda mfupi baada ya waasi kuingia Kolwezi. Siku zile kila mwanaume aliyetembea peke yake alikuwa gaidi mpaka aonyeshe vingine.

Sasa mimi gaidi, jamani?

Mimi ni mtu wa nyumbani. Majirani waliniita Citoyen Parcelle, yaani Mwananchi wa Uani, maana nilikuwa sivuki ua wa kwetu. Vijana wa rika langu walikwenda kwenye migodi ya shaba. Mimi nilidumu wiki mbili, nikasema kelele nyingi, nikarudi uani kushona kofia.

Ila nilifika sekondari na mwandiko wangu unasomeka, kwa hiyo msikitini walinipa kazi moja: kuandika orodha za hitima. Kwa wasiojua, siku ya arobaini tunamsomea marehemu Kurani nzima. Ina juzuu thelathini. Tunagawana watu thelathini, kila mmoja juzuu yake, inakwisha kabla pilau haijapoa.

Mzee Ramazani wa mtaa wa Hewa Bora, fundi aliyenifundisha kushona, alikuwa amefariki. Nikaandika orodha. Juu: "Mzee Ramazani, Ijumaa baada ya alasiri." Chini yake majina thelathini, kila jina na namba. Nikaitia mfukoni niipeleke kwa mjane wake, Mama Zaituni.

Njiani nikakuta kizuizi. Askari wakataka kadi ya chama. Ilikuwa nyumbani. Mtu asiyetoka hana mazoea ya kubeba kadi. Wakanipekua, wakaikuta ile karatasi.

Kiongozi, siku, saa, na wapiganaji thelathini wenye namba. Hata mimi, nilipoiona mikononi mwao, niliiogopa.

Wakanitupa kwenye jeep hadi Golf. Ndiyo mara yangu ya kwanza kufika mtaa wa matajiri, nikiwa nimelala chini ya viatu vya watu. Villa waliyoigeuza jela ilikuwa nzuri, ina maua mpaka dirishani.

Adjudant mmoja, mkubwa wa wale askari, alinisikiliza vizuri nilipoeleza habari za juzuu. Kisha akawageukia wenzake.

"Bantu makumi tatu juu ya kusoma buku moya. Iko muzito namna gani, hii buku?"

Wakacheka. Nami nikacheka kidogo, kwa adabu. Lile lilikuwa kosa.

Sitasimulia yote. Walinipiga nyayo kwa waya wa umeme mpaka nikawa naenda kwa magoti. Walinifunga mikono nyuma wakaninyanyua kwa kamba, na bega la kushoto hadi leo halipandi. Chumbani tulikuwa sita. Wawili waliitwa nje, sikuwaona tena.

Walichotaka ni kimoja. Ile orodha ilikuwa na majina ya kuitana sisi kwa sisi: Baba Asha, Fundi Saleh, Mwalimu Mdogo. Hayapo kwenye kadi ya mtu yeyote. Kwa hiyo walitaka nyumba, nani anakaa wapi. Nikisema, watu thelathini wanaletwa kulala kando yangu. Na mimi, ni watu wa msikiti wangu wale, nilizijua nyumba zote.

Siku ya tatu nilikuwa tayari kusema. Hapa sidanganyi, mdomo ulishafunguka. Bahati adjudant akaanzia jina la juu kabisa.

"Huyu Ramazani, njo chef yabo?"

Nikasema ndiyo, ndiye mkuu wao. Akauliza anakaa wapi. Nikamweleza mpaka rangi ya mlango.

Nilijiona mjanja sana. Nilijiambia marehemu hapigwi.

Nilichosahau ni kwamba Mama Zaituni alikuwa kwenye eda. Miezi minne na siku kumi, mjane yuko ndani, haonwi na mwanaume wa kando. Aliwaambia bwana wake amekufa, hawakuamini. Wakamtoa kichwa wazi mbele ya mtaa mzima, wakampandisha jeep, akawaonyeshe kaburi. Mmoja alimpiga kofi kwa sababu alikuwa anatembea polepole.

Waliporudi nilipigwa kuliko mwanzo. Lakini kwenda na jeep nzima kumkamata maiti kuliwatia aibu, na ile orodha haikutajwa tena. Siku ya kumi na mbili mlango ukafunguliwa. Hakuna shtaka, hakuna radhi, hakuna karatasi. Nikaambiwa niende kwetu na kwamba sikuona kitu.

Mnadhani hapo niliachiliwa? Baadhi ya wale thelathini waliacha kuniamkia. Walikuwa wanaulizana, kama ametoka mzima, amemuuza nani? Sikuwa na cha kuwaonyesha. Kwa mara ya kwanza nilikaa nyumbani bila kupenda.

Nilipoweza kutembea nilikwenda kwa Mama Zaituni. Nikaketi nje ya pazia, nikamwomba radhi. Kisha, kwa ujinga wangu, nikaongeza kwamba angalau watu thelathini walipona.

Akanijibu kutoka nyuma ya pazia.

"Mwanangu, nimekusamehe. Bale bantu bako na batoto, ni muzuri babakiye kwabo. Lakini usiende kusema kama ulifanya muzuri. Sema ulifanya vile uliweza."

Ndivyo ninavyosema, wakuu, tangu siku ile.

Nilichojifunza: kipigo hakiishii kwa anayepigwa, kinatafuta nyumba nyingine. Na ukisikia jirani ameachiliwa bila kesi, usimuulize alimtaja nani. Muulize kama amekula.

Wenye wazazi waliopitia haya, andikeni hapa chini, nitasoma yote. Na wewe unayejua kwamba ungenyamaza mpaka mwisho, karibu pia. Nitakusoma kwa heshima, ila sitakuamini.