Fundi wa mistari na mtoto aliyehamia kwa mama mdogo

Saa nne asubuhi, upepo wa Singida unagonga bati kama mgeni aliyechoka kubisha hodi. Ndani, Hanifa Othmani amelaza utepe wa kushonea wa mama yake juu ya karatasi. Anapima mstari, anatazama kompyuta, anapima tena, kisha anashusha pumzi.

"Nguo hiyo unamshonea nani, mbona haiishi?" anauliza mama yake, Bi Mwanabaraka, macho yakiwa kwenye cherehani.

"Namshonea marehemu, mama."

"Basi mpime vizuri. Hao hawarudi kujaribisha."

Majirani wamekubaliana kwamba Hanifa anacheza gemu. Ukweli ni kwamba yeye na wenzake wanatengeneza programu ya kuandikia nyaraka, inayotumiwa na wenye steshenari. Sehemu yake ni kuiwezesha programu kujua kila neno litachukua nafasi kiasi gani, ili mstari ukatike panapostahili. Karatasi ikikaa vizuri, hakuna anayemkumbuka. Ikiharibika, namba yake ya simu wanayo.

Felista, mwenye steshenari huko Ihanja, anayo. Mwezi uliopita alichapa kijitabu cha mazishi ya Mzee Alute, aliyeacha wake wawili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa mke mkubwa: picha yake juu, watoto wake chini. Wa pili ulikuwa wa mke mdogo, vivyo hivyo.

Kwenye kompyuta kila mtoto alikuwa kwa mama yake. Lakini programu ilipima majina kwa herufi nyembamba, printa ikachapa kwa herufi nene kidogo. Mstari mmoja ukajaa, ukawa miwili. Ukurasa ukakosa nafasi, na Marietha, kitinda mimba wa mke mkubwa, akasukumwa ukurasa wa pili. Akatua juu ya picha ya mke mdogo.

Vijitabu viligawiwa msibani kabla mtu hajaviangalia. Na katika ukoo ule mashamba na ng'ombe hufuata nyumba ya mama. Jina likihama, wazee hawacheki.

"Uchungu nilishikwa mimi," mke mkubwa alimwambia Felista mbele ya waombolezaji. "Leo karatasi yako inampeleka kwa mwenzangu?"

Felista akapiga simu palepale. "Ongea nao mwenyewe, mdogo wangu. Nimeshasemwa kwa Kiswahili, sasa wanaanza Kinyaturu."

Tangu siku hiyo Hanifa amekonda. Ameifundisha programu kupima kwa herufi zilezile za printa, lakini kila akitengeneza hapa, pale panabomoka.

"Nikishika majina, namba za kurasa zinahama. Nikishika namba, aya zinavimba," anasema huku akisugua macho. "Ni kama kuku na banda bovu: unaziba huku, anatokea kule."

Hulipwa kazi inapokamilika, na hii haijakamilika. "Mwezi huu nakula cherehani ya mama."

"Na hata kushona kifungo hajui," mama anadakia.

Jumamosi ukoo wa Mzee Alute unamaliza tanga, na umeagiza kijitabu kipya. Felista ameshaonya: kikiharibika tena, anarudi kwenye programu yake ya zamani, na wenzake wenye steshenari watamfuata. Asubuhi hii Hanifa amemtumia toleo jipya. Sasa anasubiri.

Karibu na adhuhuri simu inaita.

"Kimetoka," anasema Felista.

Cherehani inanyamaza.

"Marietha yuko wapi, dada?"

"Subiri nifungue." Upepo unagonga bati. "Yuko kwa mama yake. Chini kabisa, kajibana, lakini yupo."

Hanifa hashangilii. Anaketi taratibu, analaza shavu juu ya karatasi zake zilizoharibika.

"Jumamosi naenda Ihanja," anasema, akiwa amefumba macho. "Nikampe yule bibi shikamoo, nimwombe radhi, amwone mhalifu mwenyewe. Akinisamehe, nalala hukohuko kwenye jamvi la msiba."

"Nenda," mama anamjibu, cherehani ikianza tena. "Ila utepe wangu uache."