Chumba cha Neema na Yosefu

Nakumbuka siku ile nilivyopanda kutoka Moshi mjini hadi nyumbani Uru, nimejitwika ndoo iliyojaa makopo ya rangi, nikicheka peke yangu njiani kama msichana aliyetoka kuchumbiwa. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipoachiwa huru, mwanangu. Maduka yalifunguliwa kila kona, na kila mwenye duka alitaka jina lake liandikwe mlangoni. Mimi ndiye niliyewaandikia. Watu walisimama kumtazama msichana mwenye brashi juu ya ngazi, nami nilipenda watazame.

Lakini rangi zile hazikuwa za kuandikia maduka. Kaka yangu, dereva wa trekta kwenye mashamba ya miwa kule tambarare, alikuwa amehamishiwa mkoa wa mbali. Mkewe alikuwa ameshafariki, basi akawaleta watoto wake kwa bibi yao, mama yangu. Yosefu, yule mdogo, alizoea upesi. Ukishampa bakuli la mtori wa ndizi, amesahau yote. Neema hakuzoea. Kila jioni aliuliza watarudi lini kwao, na kitandani hakutaka kulala. Alisinzia jikoni karibu na moto mpaka abebwe. Mama alishaanza kusema kwamba mtoto akiendelea hivyo atamrudisha kwa baba yake, ambako hakukuwa na wa kumtunza.

Ndipo nikaamua kuwapambia chumba mpaka wasitake kutoka. Nilishakiona chote kichwani: malaika, maua ya waridi, bustani kama zile za kwenye kalenda. Nikapaka kuta chokaa, zikakauka, nikachovya brashi. Mama akasimama mlangoni, mikono imejaa utomvu wa ndizi.

"Chumba ni cha nani?"

Nikamjibu kwamba ni cha watoto.

"Umewauliza?"

Sikuwa nimewauliza. Akaniambia kwa upole, lakini bila kuzunguka: "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wewe umezaliwa humu. Waite wenye chumba."

Iliniuma kidogo, sikufichi. Ukiwa kijana na moto wa kazi umewaka, kuzuiwa ni kama kumwagiwa maji. Hata hivyo niliweka brashi chini, nikawaita.

Yosefu alitaka trekta, jekundu, tena kubwa. Neema alichungulia dirishani, ambako hakukuonekana kitu ila migomba na mawingu, maana ilikuwa miezi ya baridi. Kisha akasema, "Shangazi, mlima mmeuweka wapi?"

Kule kwenye miwa, mtoto huyu akifungua mlango asubuhi aliuona mlima mzima, kuanzia chini hadi kwenye theluji. Sasa amekuja kuishi juu ya mlima huohuo, na hauoni! Alidhani ameuacha kwao.

Basi kazi ikaanza, mwanangu, na ilikuwa kazi tamu. Neema alisimama nyuma yangu akiniongoza kama fundi mkuu: kilele cha Kibo kiwe kipana, cha Mawenzi kiwe na meno, theluji ishuke zaidi upande huu. Chini tukapanda miwa, nikampa brashi, na majani yote yakawa ya mkono wake. Yosefu akapata trekta lake, akadai baba yake awe ndani na kofia kichwani. Mama alikuja kutuita tukale; akatazama, akaomba brashi naye, akachora mgomba pembeni ili mtu akiingia ajue kwamba hapa ni Uru. Chakula kikapoa.

Watoto wa majirani walipata habari, wakajazana uani wakitaka kuona. Neema akatangulia mlangoni, rangi ya kijani hadi kwenye nyusi, akawaambia, "Karibuni kwetu."

Mama akanitazama, nami nikamtazama. Habari ya kumrudisha ikaishia hapo.

Nasikia nawe unataka kumpambia mwanao chumba, na furaha yako naiona usoni. Usiipunguze, kazi ya mtoto haifanywi kwa moyo baridi. Lakini kabla ya kuchovya brashi, keti naye umuulize anachokipenda na anachokikumbuka, na usubiri jibu hata likichelewa. Kuuliza si ujinga. Kisha mpe brashi naye, hata akichafua sakafu, sakafu huoshwa.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu. Ampe mwanao usingizi mwema, na kila asubuhi aamke akicheka.