Injini Kubwa, Breki za Zamani

Mume wangu alikuwa fundi wa magari mtaani Bwaise. Kapteni mmoja wa jeshi alimletea gari dogo la mbio, la zamani, akataka aliwekee injini kubwa zaidi, ile ya kuzunguka isiyo na pistoni. Akaiweka. Breki zilibaki zile zile, maana kapteni alikataa kungoja.

"Mzee, panda tulijaribu!" kapteni akamwambia. Ndiyo desturi, fundi hupanda safari ya kwanza.

Nikamnong'oneza mume wangu, "Sema unaumwa."

"Nikikataa, mama watoto, atasema nimeliharibu makusudi. Wanajeshi wake watanichukua."

Akapanda. Kwenye barabara ya Bombo gari lilishindwa kusimama, likaingia chini ya lori. Kapteni alitoka akichechemea. Mume wangu nilimkuta hospitali ya Mulago, amefunikwa shuka mpaka usoni. Kesho yake askari wakaja kuniuliza kwa nini breki hazikutengenezwa.