Lambo Lilipopungua na Pampu Ikaanza Kulia

Matokeo yalinikuta kwenye basi, tumeshaiacha Inyonga, mtandao ukija na kupotea. Nilikuwa mwaka wa pili wa uhandisi kemia. Nimefaulu yote isipokuwa somo moja: mekanika ya vimiminika, linalofundisha namna maji na kila kinachotiririka kinavyokwenda ndani ya mabomba. Nimepata sapu, yaani mtihani wa kurudia. Nilizima simu nikaangalia miti hadi Mpanda.

Wenzangu walikwenda mafunzo kwa vitendo Dar na Mwanza, wawili wawili, watatu watatu. Mimi nilipokelewa peke yangu kwenye kiwanda kidogo cha kuchenjua dhahabu nje ya mji wa Mpanda. Nikapanga chumba kwa bibi mmoja wa kabila la Wabende, mtu mwema lakini masikio yalishamchoka, hivyo tulisalimiana kwa kupungiana mikono. Kuna siku sauti yangu niliisikia kiwandani tu, nikijibu "sawa."

Jumapili nilimpigia baba. Yuko Kasansa na ng'ombe wake. Kuupata mtandao lazima apande kichuguu. Baba huniita mayu, yaani mama, kama Wasukuma wanavyowaita mabinti zao.

"Mayu, hilo somo lililokushinda linahusu nini?"

"Maji yanavyopita kwenye bomba, baba."

"Maji si yanateremka tu?"

Nikacheka. Nilitaka kumweleza zaidi, ila nilisikia anawafokea ng'ombe, halafu simu ikakatika. Nilibaki nimeishika.

Kiwandani maji yalivutwa kutoka kwenye lambo na pampu iliyokaa juu ya ukingo, yakapandishwa hadi kwenye matangi. Fundi wake alikuwa mzee wa Kikonongo, mpole, mwenye kofia ya sufu hata juani. Kiangazi kilipokolea, pampu ikaanza kulia kama imemeza kokoto, na maji yakapungua. Msimamizi akasema ni beringi. Wakabadilisha beringi. Ikaendelea kulia.

Nilijikaza nikasema, "Mzee, nadhani maji yanachemka humo ndani."

Fundi akaweka kiganja kwenye pampu. "Mbona ya baridi, mwanangu?"

Vijana wa kwenye matangi wakaangua kicheko. Kuanzia hapo wakawa wananiita Injinia Chai. Nilijua nilichotaka kusema: maji yakivutwa kwa nguvu kupita kiasi, mgandamizo wake hushuka mpaka yanatoa mapovu ya mvuke bila moto wowote, na mapovu hayo yakipasuka ndiyo yanayopiga kelele. Lakini maneno hayo niliyasoma kwa Kiingereza, na mbele ya vicheko vile sikuyapata kwa Kiswahili. Nikaenda kula peke yangu nyuma ya stoo.

Jumapili iliyofuata, wakati nyimbo za kwaya zikisikika kutoka kanisani, nilikaa sakafuni na daftari. Nilishapima kwa kamba: lambo lilikuwa limeshuka sana, na bomba la kuvutia lilipandisha maji mbali zaidi kuliko mwanzo. Nikapiga hesabu. Jibu likasema pampu ni nzima, haina sababu ya kulia. Nikarudia mara tatu, jibu lilelile. Nililia, sitaficha, maana niliona ndivyo nilivyofeli na ndivyo nitakavyofeli tena.

Jioni nikitwanga kisamvu ndipo nikakumbuka. Mgandamizo wa hewa niliotumia ulikuwa wa kitabuni, wa usawa wa bahari. Mpanda iko juu, hewa yake ni nyepesi, haisukumi maji kwa nguvu ileile. Nikaacha mchi kinuni nikabadilisha namba moja tu, na pampu ikalia kwenye karatasi kama ilivyolia lamboni.

Asubuhi sikumfuata msimamizi. Nilimfuata mzee, nikamchorea kwa kijiti udongoni: lambo, bomba, pampu. "Tukiishusha karibu na maji haitapata shida ya kuvuta. Kupandisha kwenda kwenye matangi inaweza."

Akautazama mchoro muda mrefu. "Kama mtu anayenyonya togwa kwa mrija mrefu," akasema.

"Hivyo hivyo, mzee."

Tulihangaika hadi adhuhuri, tukachimba mahali pa kuikalisha chini ya ukingo na kufupisha bomba. Alipoiwasha, pampu ilinguruma kwa sauti moja, laini. Vijana walisogea, hakuna aliyecheka. Mzee akavua kofia, akajifuta uso, akasema, "Nyie, huyu ametusaidia." Baadaye niliona msimamizi ameandika kwenye daftari la kazi: beringi imebadilishwa, pampu nzima. Nilitamani tu awepo mwenzangu mmoja wa darasani, nimwambie habari ya usawa wa bahari, naye ashtuke.

Mwezi wa tisa nikarudi chuoni kufanya sapu. Hosteli ilikuwa tupu, korido nzima mlango wangu tu ndio uliofunguliwa. Matokeo yalipotoka nilikuwa nimepata C. Nilipiga nyumbani, simu ya baba haikupatikana. Nikashuka kantini, hakukuwa na mwanafunzi mwingine, alikuwepo mama mpishi tu akipanga viti.

"Nimefaulu sapu," nikamwambia, sijui kwa nini.

"Hongera, mwanangu," akasema bila kugeuka. "Leo kuna wali maharage tu."

Nikakaa karibu na dirisha, nikala wote.