Bakuli la Maua Mekundu

Ukitaka kumuudhi Bi Munira wa Mtoni, mrudishie chombo kitupu. Kwao Pwani, chombo cha jirani kikija na mihogo hurudi na chochote, hata iwe konzi ya sukari. Na mwenye chombo hakifuati. Kwa sheria hiyo alikaa miaka sita akingoja bakuli lake la bati lenye maua mekundu, na katika kungoja huko akampoteza shoga yake.

Shoga mwenyewe ni Demetria, Mhaya aliyepanga chumba kinachotazamana na chake kwa miaka kumi na tisa. Bakuli lilikuwa halitulii. Likienda na vitumbua, linarudi na ndizi. Ikifika Novemba, linarudi na senene wa kukaanga kutoka Bukoba. Senene hao Bi Munira aliwapokea kwa mikono miwili na shukrani tele, kisha akampa mwanawe Farhan awamalize. Yeye ale mdudu? Labda awe amerogwa. Lakini hilo hakumwambia shoga yake hata siku moja.

Demetria akajenga Goba, upande wa pili wa mji, akahama wiki mbili baada ya Idi, bakuli lililompelekea pilau likiwa bado kwake. Bi Munira akangoja mwezi, akangoja mwaka. "Kapata nyumba yake, kanisahau," aliwaambia majirani. Ila kila akipika pilau mkono wake ulipima mchele wa nyumba mbili, kisha akakumbuka, akarudisha nusu kwenye ndoo. Alimtamani mwenzake mpaka moyo ukamuuma, na kiburi kikamkataza kupiga simu.

Mwaka huu akaja Didas, mtoto wa Demetria, mtu mzima sasa na mchongaji, na ndoo ya jasi. Alikuwa akizunguka Temeke na Kinondoni akichukua umbo la mikono ya watu wa kila kabila na kila dini, aitundike pamoja.

"Shikamoo, Mama Farhan."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako hajambo?" aliuliza, akitazama pembeni.

"Hajambo. Weka mkono, mama, kama unavyomngoja mtu."

Hakuuliza mtu gani. Akaunyoosha, kiganja juu.

Siku ya maonyesho akaenda Kawe, kwenye ghala la zamani. Mikono ilining'inia miwili miwili ikitazamana, yote nyeupe, hata usijue upi wa Mhindi na upi wa Mmakonde. Wake aliutambua kwa kidole cha shahada kilichopinda. Mbele yake ulikuwapo mwingine, nao kiganja juu, wenye kovu la kisu cha kumenyea ndizi chini ya gumba. Jeraha hilo alilifunga yeye mwenyewe, kwa kitambaa cha kanga. Na katikati ya mikono hiyo, juu ya kigoda, lilikaa bakuli la maua mekundu. Tupu.

"Bakuli langu! Tupu, mbele za watu!"

Didas akaja mbio. "Mama alinikataza nisikurudishie tupu, na mie kupika sijui."

"Kwani yeye miguu hana?"

"Alikuwa anakungoja wewe, mama. Kwetu nyumba mpya inatembelewa kwanza, ndiyo mwenyewe naye atoke. Kila Jumapili alikuwa anaongeza ndizi sufuriani, anasema leo Mama Farhan atakuja kuiona nyumba. Mwisho akanuna."

Bi Munira akaitazama mikono ile. Yote miwili ilikuwa inangoja. Hakukuwa na uliokuwa unatoa. Akalia palepale, wala hakujificha.

"Nipeleke Goba. Sasa hivi."

"Hayupo. Vilima vya Goba vilimshinda magoti, karudi Bukoba tangu mwezi wa pili, akaniachia umbo la mkono wake na bakuli. Nyumba tumeipangisha."

Miaka sita shoga yake alikuwa mji mmoja naye.

Maonyesho yalipofungwa, Bi Munira alivunja sheria ya kwao: alilifuata bakuli lake kwa miguu yake. Akalijaza visheti, maana haviharibiki njiani, akalifunga kwa kanga na kumkabidhi Didas aliyekuwa akienda kumwona mama yake.

"Mwambie sikususa," alisema. "Na mwambie zamu ni yake."

Sasa anahesabu miezi. Bakuli liko Bukoba, na Novemba senene wataanguka. Likirudi nao, safari hii Farhan hapewi hata mmoja.