Ziwa na Cherehani

Tangu mitumba ifurike Dodoma, Evarista, fundi cherehani wa Miyuji, alibakiwa na sare za shule tu. Alizishona huku akimnyonyesha Abeli, miguu ikikanyaga, mkono mmoja ukiongoza kitambaa.

"Mama Abeli," mkwewe alimwambia, "huyo mtoto anapata maziwa tu, mama hampati."

Neno lilimchoma. Asubuhi iliyofuata alisimamisha kazi, akampakata mwanawe, akamkazia macho kwa mapenzi yote. Abeli akaliachia ziwa na kuangua kilio. Akabembelezwa, akaimbiwa, wapi! Evarista akajaribu kukanyaga cherehani tupu, taratibu. Mtoto akanyamaza, akalirudia ziwa, macho yake yametulia usoni pa mama.

"Hee, baba! Kumbe ziwa la kimya hulitaki?" Evarista akacheka, akatunga uzi.